Jina la Namba Tisa

Jumatatu, 1 Juni

Kocha Revocatus ametugawia madaftari ishirini, kila mchezaji moja. Tuandike kila siku tumekula nini, tumelala saa ngapi, tumejifunza nini mazoezini. Siku ya mwisho atayakusanya. Basi, Kocha, shikamoo. Nimekula ugali na dagaa, sijalala bado, na nimejifunza kwamba bweni la hapa Kiseke lina mabomba manne na wasichana ishirini. Mengine nitayaandika kwa namna yangu. Ukichoka, ruka kurasa.

Niseme mimi ni nani, maana madaftari hupotea. Naitwa Maulida Abeid, wa Mabatini, mtoto wa fundi cherehani. Nina miaka kumi na sita. Nacheza mbele katikati. Michezo ya Vijana ya Miji ya Ziwa safari hii ni kwetu Mwanza: riadha, ngumi, netiboli, kuogelea, na mpira wa miguu wa wasichana wasiozidi miaka kumi na saba. Miji minane kutoka nchi tatu. Kombe litabaki hapa. Sikuandika labda.

Jumanne, 2 Juni

Ugali, maharage. Nimelala saa tatu.

Alhamisi, 4 Juni

Jezi zimegawiwa. Namba tisa kapewa Nyanzala, msichana wa Sengerema anayelala kitanda cha chini yangu. Mimi nimepewa kumi na tisa. Nikamwambia Kocha kumi na tisa ni tisa iliyobeba mzigo. Akasema, "Maulida, kimbia raundi mbili."

Huyu Nyanzala hata simwelewi. Siku nne tuko chumba kimoja, nimemsikia akisema "shikamoo" kwa Matroni Justa, "asante" kwa mpishi, na "sogea" kwangu. Anakula sahani mbili, anafua soksi zake, analala. Nimemweleza habari zangu zote mpaka za darasa la tatu, yeye anaitikia "eeh". Kucheza anacheza, sikatai. Ila namba tisa ni ya mtu anayejua kuitika uwanja mzima ukimwita.

Jumapili, 7 Juni

Mama alikuja na maandazi na bukta yangu aliyoipunguza kiuno. Amekaa nusu saa, na nusu saa hiyo amenisikiliza nikieleza nani anapendwa na Kocha, nani anakoroma, nani alilia usiku wa kwanza. Wakati wa kuondoka akanishika kidevu. "Maulida, mwanangu, usimwage mtama kwenye kuku wengi." Nikamuuliza kuku gani, hapa tuko wenyewe tu. Akacheka, akaenda zake.

Jumatano, 10 Juni

Upepo wa ziwa umeanza ule wa kiangazi. Kila saa tisa alasiri unavuka uwanja na vumbi lake, na ukipiga mpira wa juu unarudishiwa mwenyewe. Mimi nimepiga kumi, minane imekwenda kwa majirani. Nyanzala amepiga kumi, yote chinichini, kama mtu anayefagia. Saba imeingia, na aliyekuwa golini ni Dorcas, kapteni wetu, ambaye hafungwi kirahisi.

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Nyumbani uwanja uko mlimani. Ukipiga juu unaufuata mpira bondeni mwenyewe." Sentensi mbili! Nimeziandika kwa sababu zinaweza kuwa za mwisho.

Jumamosi, 13 Juni

Ufunguzi. Tumeandamana tukizunguka uwanja na bendera. Bukoba walivaa vizuri zaidi, lakini sisi tulishangiliwa zaidi. Ugali umekuwa wali.

Jumapili, 14 Juni

Mwanza 3, Entebbe 0. Nyanzala mawili. Mimi nimeingia dakika kumi za mwisho, nikapiga nguzo. Nguzo imetikisika, mtu yeyote aliyekuwepo atasema.

Jumatano, 17 Juni

Mwanza 2, Bukoba 1. Nyanzala yote mawili. Mimi benchi, nimeota mizizi.

Alhamisi, 18 Juni

Siku nzuri. Tangu ufunguzi, timu zote zinakula mchana katika bwalo moja, na leo nimekaa meza moja na kocha wa Kisumu. Ni mama mtu mzima mwenye miwani na kidaftari kidogo, anaongea Kiswahili taratibu na anamsikiliza mtu mpaka mwisho. Nilimwamkia, akaniuliza jina langu lina maana gani. Nikamwambia nilizaliwa mwezi wa Maulidi, ndiyo maana. Akafurahi. Akauliza, "Na yule namba tisa wenu anayefunga kila siku?"

Nikamwambia ni Nyanzala, jina la Kisukuma, anaitwa hivyo aliyezaliwa mwaka wa njaa. Akauliza njaa ipi. Nikasema ile kubwa, ambayo mama yangu husimulia, mwaka ambao ziwa lilirudi nyuma mpaka watu wakaanika dagaa mahali palipokuwa na maji. Akasema anaukumbuka mwaka huo, hata kwao Kisumu boti zilikaa kwenye matope. Tukaongea sana. Ni mara ya kwanza tangu nifike kambini mtu mzima kunisikiliza bila kuniambia nikimbie raundi mbili.

Jumamosi, 20 Juni

Mwanza 1, Musoma 1. Tumeongoza kundi. Upepo mkali, macho yamejaa mchanga.

Jumatatu, 22 Juni

Mwandiko wa leo utasamehewa.

Baada ya mazoezi ya asubuhi Kocha alitukalisha kwenye nyasi akiwa na barua. Kisumu wameweka pingamizi. Wanasema Nyanzala amepita umri. Wanasema amezaliwa mwaka 2006, ana miaka ishirini, na ushahidi wao ni jina lake. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema vingine, lakini kilitolewa miaka miwili tu iliyopita, na kanuni ya mashindano inasema cheti kilichochelewa hivyo lazima kiwe na karatasi nyingine ya kukithibitisha. Kamati imeamua: nusu fainali ya keshokutwa Nyanzala hachezi. Ijumaa saa nne kutakuwa na kikao. Karatasi isipopatikana, anaondolewa kabisa.

Dorcas akaruka. "Jina? Nani kawaambia habari za jina?"

Kocha akasoma mstari wa mwisho. Imeandikwa kwamba maelezo yametolewa na mchezaji wa Mwanza mwenyewe, kwa hiari yake, bwaloni.

Wote wakatazamana. Mimi nilitazama nyasi. Mwaka ambao ziwa lilirudi nyuma ni 2006, mama husema hivyo kila mara, na mimi nilikuwa sijafanya hesabu. Yule mama wa Kisumu alifanya. Nilikuwa naona kalamu yake ikitembea kwenye kile kidaftari na nikadhani anaandika kwa sababu ninaongea vizuri.

Nikangoja kinywa changu kifunguke kiseme ni mimi. Kinywa hiki ambacho kimesema kila kitu tangu nizaliwe hakikufunguka. Dorcas akaniuliza, "Maulida, leo unaumwa?" Nikasema tumbo.

Nyanzala hakulia. Aliuliza tu kama anaruhusiwa kuendelea kula na timu. Nimeumbuka mbele ya nafsi yangu, na nafsi yangu ndiyo shabiki wangu mkubwa.

Jumanne, 23 Juni

Kocha amesema kesho naanza mimi. Siku nyingine ningeandika kurasa tano.

Jumatano, 24 Juni

Mwanza 1, Jinja 0. Dakika ya sitini na moja, krosi kutoka kulia, nikaipiga chinichini kama mtu anayefagia. Mfungaji ni Maulida Abeid. Uwanja wote uliitika, nilijua utaitika. Nilikimbia mpaka kwenye kibendera cha kona na nilifurahi kweli, sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Kisha nikamwona Nyanzala nyuma ya benchi, amevaa nguo za nyumbani, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Kisumu nao wameshinda. Fainali ni Jumamosi, sisi na wao.

Jioni kabla ya chakula nilimkuta anaanua soksi. Za kwangu pia alikuwa ameziosha. Hapo nikashindwa.

"Nyanzala, ni mimi niliyesema."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa meza ya nyuma yenu. Nilisikia yote."

Nikakaa chini pale pale kwenye beseni lililofunikwa. "Tangu Alhamisi unajua? Mbona hukuniambia ninakosea? Mbona juzi hukumwambia Kocha?"

Akakunja soksi moja, akakunja ya pili. "Alhamisi ningesema saa ngapi? We ulikuwa unasema." Kisha akaongeza, "Na juzi nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamuuliza karatasi ziko wapi. Akasema kadi yake ya kliniki iko kwa bibi yake Sengerema, ndani ya sanduku la bati. Simu ya nyumba hiyo anayo baba yake mdogo, naye amepeleka ng'ombe mnadani, haipatikani tangu Jumatatu. Na yeye mwenyewe kesho ameitwa kuhojiwa na kamati, haruhusiwi kutoka mjini.

Niandike ukweli hapa kisha nisiurudie. Kwa muda wa kukunja soksi ya tatu, niliwaza kwamba kadi isipopatikana, Jumamosi namba ya mbele ni yangu. Niliwaza hivyo. Halafu nikaenda kwa Kocha, nikamweleza yote tangu swali la kwanza la yule mama mpaka boti za kwenye matope. Sikukimbizwa raundi hata moja. Alisema tu, "Kesho utakwenda Sengerema na Matroni. Ulivyoenda huko na mdomo, sasa nenda na miguu."

Alhamisi, 25 Juni

Nimechoka lakini naandika yote.

Tumevuka na kivuko cha asubuhi mimi na Matroni Justa, tukafika nje kidogo ya mji wa Sengerema saa nne. Bibi tulimkuta mbele ya nyumba, kazungukwa na viazi vitamu, anavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba. Nikapiga magoti, nikamwamkia "Mwangaluka, bibi," kama Nyanzala alivyonifundisha. Akaitikia, akanitazama miguu yangu.

"Kalibu. Wewe nawe unacheza mpila?"

"Ndiyo, bibi. Nimekuja kwa haraka, kuna jambo la Nyanzala..."

"Amekufa?"

"Hapana, bibi!"

"Basi kaa. Kisu kile pale."

Jamani. Fainali inaningoja, na mimi nakata michembe, ndivyo wanavyoviita viazi hivyo vya kukausha. Matroni alikuwa ameshavua viatu, anakata kama aliyezaliwa hapo. Kila nikianza kueleza, Bibi ananionyesha kipande changu kinene na kusema hicho kitaoza, kata tena. Sijawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo nikiwa macho. Ndoo ilipoisha, ndipo akanawa mikono na kusema, "Haya. Sasa sema, nasikia."

Nikasema. Sikujipamba. Nilipofika kwenye mwaka wa njaa, Bibi alianza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu, hilo jina ni la kwangu. Mimi ndiye Nyanzala. Mimi ndiye niliyezaliwa njaa, enzi za mkoloni, mama yangu anachimba mizizi. Huyu wa kwenu alizaliwa mahindi yamejaa, tukakosa pa kuyaweka, mengine tukayalundika ndani tunapolala. Ndipo nikasema, mpeni huyu jina langu. Limekaa na njaa miaka mingi. Apewe huyu, jina nalo lishibe."

Nilivitazama vile vipande juu ya mwamba, na nikaelewa kwa nini kipande kinene kinamuudhi, maana mtu huyu anaweka akiba dhidi ya mwaka ambao watoto wake hawajawahi kuuona. Nikaona aibu iliyo tofauti na ya Jumatatu. Ya Jumatatu ilikuwa ya kuogopa kujulikana.

Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Kadi ilikuwa imefungwa kwenye nailoni mbili. Uzito wa mtoto, chanjo, muhuri wa zahanati, na tarehe ya kuzaliwa: 19 Juni 2010. Nikahesabu kwa vidole, safari hii nilihesabu. Siku moja baada ya mimi kumzeesha miaka minne bwaloni, Nyanzala alitimiza miaka kumi na sita, na hakumwambia mtu. Mimi nilizaliwa Februari. Kumbe mimi ndiye dada.

Nikanyoosha mkono kuipokea. Bibi akaikumbatia. "Kadi haiendi peke yake. Jina la kwangu linasemwa mjini, na mimi nibaki kukata viazi?" Akabadilisha kanga, akavaa ya njano, akajaza kifuko cha michembe ya mwaka jana, akatutangulia barabarani.

Ijumaa, 26 Juni

Kikao kimeanza saa nne kamili. Mwenyekiti na wenzake wanne, Kocha wetu, kocha wa Kisumu na kidaftari chake, Nyanzala, Bibi, mimi.

Mwenyekiti alipouliza nani alitoa maelezo, nikasimama kabla hajamaliza. Nikasema, "Ni mimi. Jina nililisikia, mwaka niliutunga. Nilichukua hadithi ya mama yangu ya ziwa, nikaibandika kwenye jina la mwenzangu, kwa sababu nilikuwa nasikilizwa na nilipenda. Sikuwa najua kitu." Nikakaa. Nadhani ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Kadi ikapita mkono kwa mkono. Kisha Bibi akaulizwa, naye akasimulia mizizi na mahindi, na hakuna aliyemkatiza. Kocha wa Kisumu alivua miwani. "Mama, mimi niliandika nilichoambiwa. Kanuni iko, nikaitumia. Ningekuwa nimenyamaza, wasichana wangu wangeniuliza."

"Umefanya vizuli," Bibi akamwambia. "Mtu akisikia, aulize. Ila umuulize mwenye jina." Akafungua kifuko, akampa michembe. Yule mama akatafuna mbele ya kamati nzima.

Pingamizi limefutwa. Wakati wa kutoka kocha wa Kisumu akanigusa bega. "Ukija Kisumu utakaa meza yangu. Nitapata habari za Mwanza yote." Nilistahili. Nikamjibu kwamba kesho atazipata uwanjani.

Nyanzala hakuniambia kitu njia nzima. Tulipofika bwenini akanirushia soksi zangu. "Leo ufue mwenyewe." Tumesameheana.

Jumamosi, 27 Juni

Naandika nikiwa na medali shingoni, inagonga meza kila nikisogea, na siivui.

Kisumu walitufunga dakika ya kumi na mbili, bao safi. Mimi benchi, Bibi jukwaani na kanga yake ya njano, kando yake Mama, wanatafuna michembe kama wamejuana miaka. Mpaka mapumziko tulikuwa nyuma. Kipindi cha pili tulicheza kuelekea upepo, na ndipo nilipojua tutashinda, kwa sababu Kisumu walikuwa wamejipanga kuzuia mipira ya juu tu. Dakika ya hamsini na tano Nyanzala akapiga ya kufagia kutoka mbali. Moja moja.

Dakika kumi na tano zimebaki, Kocha akaniita. "Ingia ucheze karibu yake. Na Maulida, ongea." Nimeishi miaka kumi na sita nikingoja agizo hilo. Nikaongea mpaka beki wao mmoja akamwomba refa aninyamazishe.

Dakika ya sabini na nane krosi ilikuja chini, sawasawa kwenye mguu wangu wa kulia. Goli lilikuwa wazi nusu. Ningeweza kufunga, naliandika hili bila wasiwasi wowote. Lakini Nyanzala alikuwa nyuma yangu amekaa vizuri zaidi, nilisikia pumzi yake. Nikapanua miguu, mpira ukapita katikati. Kipa alikuwa ameniangukia mimi, Nyanzala akafagia. Mwanza 2, Kisumu 1.

Baada ya kombe, mtangazaji wa redio aliwapita wote akaja kwangu, nadhani aliniona nina sura ya kuongea. Akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Akaniuliza timu, nikajibu. Upepo, nikajibu kwa kirefu. Kisha akasema, "Wasikilizaji wengi wamesikia habari za pingamizi. Hebu tuambie, hili jina la mwenzako, Nyanzala, maana yake ni nini?"

Nilikuwa nayo yote. Mizizi, mahindi yaliyolundikwa ndani, mwamba uliojaa viazi, jina lililotakiwa lishibe. Ningeieleza vizuri kuliko mtu yeyote katika mkoa huu, na watu wangelia kwenye redio zao.

Nikamshika Nyanzala mkono, nikamvuta mbele. "Muulize mwenyewe."

Nyanzala akakitazama kipaza sauti kama sahani asiyoifahamu. Mtangazaji akangoja. Mimi nikangoja, nikauma mdomo.

"Ni jina la bibi yangu," akasema. "Yule pale, mwenye kanga ya njano."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Bibi akainuka, akapunga mkono, mdomo umejaa michembe.